Mabuu wa Nyumbani kwa Mzee Langat

Swali mnaloniuliza kuliko yote, vijana wangu, ni kama wanauma. Hawaumi. Kilichoniuma mimi katika kazi hii ni mgongo, kwa kuinamia mabeseni miaka yote ile. Swali la pili ni kama wananuka. Wakinuka ujue umekosea mahali, kwa sababu beseni linalotunzwa vizuri lina harufu ya unga uliokaa kabatini, basi. Swali la tatu hamliulizi mbele ya wenzenu. Mnangoja tubaki wawili, ndipo mniulize kama kuna mtu atakayekubali kuoana na mtu anayeishi na wadudu. Hapo huwa nawaelekeza kwa mume wangu. Alizoea, ingawa mpaka leo hataki wazungumziwe tukiwa mezani na kuna wali.

Nimestaafu sasa, nakaa hapa Lanet, na wikendi haipiti bila mmoja wenu kugonga geti, simu mkononi, ameona video mahali na anataka kuanza kufuga. Wengine mna kuku, wengine kware, na yupo mmoja wa samaki. Nawaonyesha ninachojua, mnaondoka, halafu usiku ndipo nakumbuka nilichosahau kuwaambia. Basi nimekaa nikaandika. Msitafute mpangilio, nitaandika kama ninavyokumbuka.

Tuanze na jina. Watu huwaita minyoo, na si minyoo. Ni mabuu, watoto wa mbawakawa mdogo mweusi anayependa nafaka na pumba. Yai hutoa buu mwembamba kama uzi. Buu anakula, ananenepa, anavua ngozi mara nyingi, kisha siku moja anajikunja, anakuwa mweupe na laini, hali wala hatembei. Huyo tunamwita pupa. Baadaye pupa anapasuka, anatoka mbawakawa, naye akitaga mambo yanaanza upya. Na msiwaite funza, tafadhali. Mimi niliwahi kumwambia jirani mgeni kwamba nina funza wengi nyumbani, na jioni hiyo akaniletea beseni, dawa ya kuoshea miguu na maneno ya faraja. Nilimkaribisha chai. Sikujua nianzie wapi kumweleza.

Kazi yenyewe niliifanyia katika kituo kidogo cha kutunza ndege walioumia, upande wa Elementaita. Wageni wakija waliuliza flamingo, na flamingo hawali mabuu hata kidogo. Wateja wetu walikuwa ndege wadogo: mbayuwayu aliyegonga kioo, hudihudi aliyeponyoka mdomoni mwa paka, keremkerem aliyevunjika bawa. Hao hawali mtama. Ukiwawekea nyama iliyosagwa hata hawaitazami. Wanataka kitu kinachosogea, na kisiposogea kwao si chakula. Ndege mdogo akikosa chakula asubuhi, jioni anaweza kuwa amekwisha. Kwa hiyo mabuu walikuwa ndio duka letu, na duka likifungwa tulikuwa tunazika.

Aliyenifundisha ni Mzee Langat. Alikuwa mtu wa Olenguruone, mrefu, wa maneno machache, aliyeajiriwa kwanza kukata nyasi. Kazi ya chakula cha ndege alipewa kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali kushika wadudu. Alianza na mabuu wa kujaza kikombe cha chai. Nilipofika mimi, alikuwa na rafu nzima.

Wiki yangu ya kwanza niliwaonea huruma. Niliona wamo ndani ya pumba kavu, hakuna maji popote, nikafikiri huyu mzee amezoea mateso ya wadudu. Ijumaa kabla ya kwenda nyumbani nikawawekea maji katika vifuniko vya chupa. Jumatatu tuliinusa ile stoo kabla ya kufungua mlango. Wengine walikuwa wamezama, na pumba ilikuwa imelowa, imechacha na kuota ukungu. Mzee Langat hakunigombeza. Alinipa koleo, akaniambia nikamwage kwenye shimo la mbolea, na niliporudi akaniwekea karoti mkononi.

"Maji yao ni haya," akasema.

Ni hivyo tu. Kipande cha karoti, au kiazi, au kishina cha sukuma wiki, kiweke juu ya pumba, wenyewe watapanda kukifuata. Kesho yake ukitoe kabla hakijaanza kuoza. Pumba ya ngano ijae kina cha vidole vitatu hivi, isizidi sana, maana mabuu wakiwa wengi chini wanatoa joto lao wenyewe na wanaweza kujichemsha. Beseni liwe la plastiki lenye kuta laini. Ukiwaweka kwenye sanduku la mbao watapanda, na wakishindwa kupanda watatafuna. Juu funika na chandarua, si kifuniko kizima, kwa sababu wanahitaji hewa. Miguu ya meza isimamishe kwenye mikebe yenye maji, la sivyo sisimizi watakuja kuchukua kila kitu na hawatakuomba ruhusa.

Mbawakawa waweke peke yao, na pupa peke yao. Mbawakawa hula mayai yao, na mabuu wenye njaa hula pupa, kwa kuwa pupa hawezi kukimbia. Kila baada ya wiki kadhaa chekecha. Kinachodondoka chini kama mchanga laini ni mavi yao, kiweke kwenye sukuma wiki zako uone majani yatakavyokuwa.

Mzee Langat alikuwa akitenganisha pupa na mabuu kwa macho. Alikuwa akitupa jicho moja tu, vidole vinakwenda tap tap tap kama kuku anayedonoa. Kwa hiyo vidole vilipoanza kwenda polepole niliona. Aliacha kudonoa. Alikuwa akichota mkono mzima, anaviringisha mmoja mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, ndipo anajua huyu ni buu au pupa. Nikadhani ni uzee. Kisha asubuhi moja nilimkuta getini akilisalimia koti la Juma. Juma alikuwa askari wetu wa mlangoni, na koti lake alilitundika kwenye msumari kando ya kibanda. Mzee alilisalimia, akaliuliza habari za watoto, akasubiri kidogo, halafu akaendelea na safari yake na uso wa mtu aliyenyimwa jibu na mtoto wa watu.

Nilisimama pale na kikapu changu cha karoti, na sikucheka.

Baadaye mkewe, Mama Chebet, aliniambia kwamba ilikuwa presha ya macho. Hospitali walimwambia kilichokwisha kupotea hakirudi, akapewa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki. Kazini hakumwambia mtu. Nadhani aliona kwamba mahali ambapo kazi ni kutazama ndege, mtu asiyeona atapewa chai, atapewa mkono wa asante, na atarudishwa nyumbani kukaa. Naye hakuwa mtu wa kukaa.

Basi nami nikanyamaza. Nilichofanya ni kuchukua kisu, nikakipasha moto, nikatia pengo kwenye ukingo wa kila beseni: pengo moja kwa mbawakawa, mawili kwa pupa, matatu kwa mabuu wakubwa. Nikamwambia Mzee kwamba mimi huwa nawachanganya. Alipitisha kidole juu ya yale mapengo.

"Ni wazo zuri," akasema. "Litakusaidia wewe."

Wakati huo huo tulikuwa na shida ya baridi. Upepo wa kutoka ziwani mwezi wa saba uliingia stoo kama umealikwa, na mabuu wakipata baridi hawafi, lakini hawakui, na mbawakawa hawatagi. Wanalala tu. Nilipendekeza wahamishiwe nyumbani kwa Mzee, ambako kulikuwa na chumba cha nyuma chenye ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa. Daktari Auma, aliyekuwa mkuu wa kituo, alikubali. Kwa hiyo kila asubuhi Mzee alikuja na sanduku la mabuu wa siku hiyo mapajani, ndani ya gari la kituo lililotuchukua sisi sote wa Lanet pale stejini, na akashinda akilisha ndege. Nyumbani alikuwa na chumba chake, kila kitu mahali pake, mkono unajua njia.

Hapo niwaambie kuhusu friji, kwa sababu wengi wenu mnaishi na mama zenu na mnataka kujua kama inawezekana. Inawezekana. Mabuu wakubwa ukiwaweka kwenye friji ndani ya kopo lenye matundu na pumba kavu, wanatulia na hawageuki pupa kwa wiki nyingi. Mara moja kwa wiki watoe wapate joto na kipande cha karoti, halafu uwarudishe. Wasikaribie kabisa sehemu ya barafu. Na andika juu ya kopo kwa herufi kubwa kilichomo.

Mama Chebet hakuandika. Kopo lilikuwa la siagi. Wanawake wa chama chake cha akiba walipokuja kwake, mmoja wao, Mama Gathoni wa Dundori, alijitolea kupaka mkate huku mwenye nyumba akichemsha chai. Alifungua friji, akatoa kopo, akatoa kifuniko. Wenzake wawili walitoka nje moja kwa moja mpaka kwenye geti. Mama Gathoni alibaki pale na kisu mkononi, akiwatazama wale mabuu wakijinyoosha kwa joto la jikoni.

"Hawa kuku wangu wangewapenda," akasema.

Ndivyo alivyoondoka siku ile na kiganja kimoja cha mabuu na mbawakawa wachache ndani ya mfuko wa karatasi, pamoja na maelekezo ya Mzee Langat aliyoyatoa mara mbili. Tuliwasahau. Nilifikiri baridi ya Dundori ingewamaliza kabla mwezi haujaisha.

Sasa nifike kwenye ile wiki mbaya.

Mzee alikuwa na kanuni moja ambayo nataka muishike kuliko zote nilizoandika. Pumba mpya haiingii kwenye beseni siku inayonunuliwa. Unachota kidogo, unatia kwenye mkebe, unaweka mabuu wachache humo, na unangoja siku kadhaa. Watu hutia dawa kwenye nafaka ili zisiliwe na wadudu, na mabuu ni wadudu. Pumba inaweza kuwa nzuri kwa macho na kwa harufu na bado ikawa imebeba ile dawa. Mzee hakuwahi kuiruka kanuni hiyo. Lakini msimu ule mvua ilipiga, maji yakaingia kwenye banda alimoweka akiba, na pumba yote kavu ikalowa. Mabeseni yalikuwa yamebaki na mavi matupu. Mama Chebet alikimbia sokoni akakuta muuzaji wake wa kila siku hayupo, akanunua gunia kwa mwingine. Hakukuwa na nafasi ya kungoja. Mzee aliimimina jioni hiyo hiyo.

Asubuhi ya pili yake hakutokea stejini. Nikamwambia dereva asingoje, nikaenda kwake kwa miguu. Mama Chebet alinifungulia.

"Ingia wewe," akasema. "Mimi hanijibu."

Alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya rafu, mikono magotini. Mtu asiyefuga hajui kwamba mabuu wana sauti. Wakiwa wengi ndani ya pumba kavu, wanachakarika mfululizo, kama manyunyu kwenye majani makavu. Ukiingia chumba kile ulikuwa unaisikia kabla ya kuona chochote. Asubuhi hiyo nilisikia kuku wa jirani, nikasikia redio ya mtu mbali, na hakuna kingine.

"Nyambura," akasema. "Wamenyamaza."

Niligeuza pumba beseni baada ya beseni. Walikuwa wamenyooka kama vijiti, wengine wamejipinda, wameanza kuwa weusi kuanzia kichwani. Mbawakawa walilala chali, mmoja mmoja bado akisogeza mguu. Nikamwambia. Kisha akaniomba nichukue pumba iliyobaki kwenye gunia, niipeleke mlangoni kwenye mwanga, nimwambie kama inaonekana kuwa na unga wowote wa dawa. Niliichambua kiganjani, nikaigeuza, nikaipuliza. Sikuona kitu. Pumba ni pumba, yenyewe ina vumbi. Nilimwambia hivyo.

"Unasema kwa huruma," akanijibu.

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi ningeimimina. Lakini kusema hivyo kungekuwa ni kusema nilijua, na tulikuwa tumenyamaziana muda mrefu mno hata sikujua namna ya kuanza. Nikaenda jikoni kufungua friji. Wale wa kopo la siagi walikuwa hai, kwa sababu walikuwa kwenye pumba ya zamani. Walitosha ndege wetu kwa siku chache, na si zaidi. Na ukiwalisha ndege hao, hutabaki na mbegu ya kuzalishia wengine. Ukiwaacha wawe mbegu, ndege wanakufa wakati wewe unangoja wageuke, watage, waanguliwe, wakue. Hiyo ni miezi.

Tulichagua ndege. Kituoni Daktari Auma alimtoa kila mtu nje na vyandarua kukamata panzi kwenye nyasi, naye mwenyewe akakunja suruali akaingia. Lakini mvua ilikuwa haikatiki, na panzi kwenye mvua hujificha. Ndipo Mama Chebet akamkumbuka Mama Gathoni.

Mzee alisema atakwenda mwenyewe. Nilimsindikiza. Dundori ilikuwa imezama kwenye ukungu, mashamba ya viazi yanaonekana mistari miwili mitatu halafu yanapotea. Mama Gathoni alitukaribisha jikoni, ambamo moto wa kuni hauzimwi tangu alfajiri kwa ajili ya maziwa na chakula cha watu wa shamba. Na pale, kando ya jiko, juu ya kigogo, palikuwa na debe la plastiki lililokatwa nusu. Nilifunua gunia lililolifunika. Walikuwa wamejaa. Walikuwa wanene, wanang'aa, wamelala ndani ya maganda makavu ya viazi na pumba, na mbawakawa wanatembea juu yao kama watu wa soko.

Mzee alisikia kabla sijamwambia. Nilimwona bega likishuka.

Mama Gathoni alimtazama kidogo jinsi alivyosimama akigeuza kichwa. Alimshika mkono akauongoza mpaka ndani ya debe, na Mzee akauacha mkono wake humo muda mrefu, mabuu wakipita kati ya vidole. Alimuuliza anawalisha nini, anawafunika na nini usiku, na kila jibu alilitikisia kichwa kama mwalimu anayesahihisha kazi ya mtoto aliyempita. Mwishowe akaomba, kwa haya nyingi, kama tungeweza kupata kiganja kimoja cha kuanzia.

"Mzee, wewe ulinipa kiganja kimoja," Mama Gathoni akasema. "Mimi siwezi kukupa kiganja kimoja."

Alichukua beseni la kuoshea vyombo akatugawia nusu ya debe zima, mbawakawa, pupa, na mabuu wa kila ukubwa. Nilimuuliza kuhusu kuku wake, akasema kuku wana miguu na shamba ni kubwa. Akatusindikiza mpaka barabarani, na Mzee alipotangulia hatua chache akanivuta mkono.

"Huyu mzee haoni, sivyo?"

"Ni jua tu linamsumbua," nikasema.

Akatazama ule ukungu, mashamba, na barabara iliyokuwa inaishia mbele ya pua zetu.

"Leo Dundori hatuna jua," akasema, akarudi zake jikoni.

Mbegu ile ndiyo iliyotuokoa, na ndiyo babu wa mabuu wote mnaowaona kwangu. Mbayuwayu mmoja mchanga hakufika. Alikuwa amekufa asubuhi tuliyorudi, mwepesi kiganjani kama kipande cha karatasi. Wengine walikula. Hudihudi aliwadaka mabuu wa Dundori kwa hasira, kama anayetudai maelezo. Tangu hapo tulikuwa na kanuni ya pili, nayo pia ishikeni: usiweke mabuu wako wote chini ya paa moja. Mpe rafiki, mpe shangazi, mpe yeyote mwenye jiko lenye joto. Siku yako mbaya haitakuwa yake.

Mambo yalipotulia, Mzee Langat aliniomba nimsindikize kwa Daktari. Daktari Auma alikuwa kwenye chumba cha matibabu, anamfunga ndege bawa. Juma naye alikuwa mlangoni ameleta boksi lenye njiwa aliyeletwa na mpita njia. Mzee hakungoja watu watoke.

"Daktari, nimekuja kuacha kazi," akasema. "Wale mabuu walikufa mikononi mwangu, na sababu ni macho. Sioni. Nina muda mrefu sioni, na nimewaficha."

Daktari alimaliza kufunga lile bawa kwanza. Alimrudisha ndege kwenye kizimba, akanawa mikono.

"Keti, Mzee. Kiti kiko…"

"Najua kiti kiko wapi."

"Unajua kwa sababu nilikataza mtu yeyote asikisogeze," Daktari akasema. "Hata wa kufagia anakifagia pembeni."

Mzee alibaki amesimama, mkono kwenye mgongo wa kile kiti. Daktari akaendelea, kwa sauti ile ile anayotumia kwa ndege. Alisema ameijua siri hiyo tangu zamani. Mwandiko wake yeye Daktari hauna ubaya wowote, lakini alianza kutusomea maagizo ya kila siku kwa sauti, akisingizia kwamba hatuwezi kuusoma, ili Mzee asikie bila kuomba. Hakuwa amemwambia mtu. Alidhani ni yeye peke yake.

Ndipo Juma akakohoa pale mlangoni. Akasema yale mawe ya kando ya njia kutoka getini, ambayo aliyapaka chokaa na sote tukamsifu kwa usafi, hakuyapaka kwa usafi. Aliyapaka ili Mzee ayaone wakati bado anaona kidogo. Na siku hizi akimwona anakuja, hupiga mbinja mpaka afike.

"Na mimi hata sipendi kupiga mbinja, mzee wangu," akasema.

Wakanitazama mimi. Nikasema juu ya mapengo kwenye mabeseni. Daktari akaweka mkono mdomoni. Watu watatu tuliokuwa tukifanya kazi pamoja kila siku, kila mmoja alikuwa akimfichia Mzee siri yake, akiogopa wenzake wasije wakajua. Nilihisi uso ukiwaka, sijui kwa aibu au kwa furaha, na hakuna aliyethubutu kucheka kwa sababu Mzee alikuwa bado amesimama.

Aliketi. Alipitisha mkono usoni, kutoka paji la uso mpaka kidevu.

"Na mimi nilidhani," akasema, "hapa watu mmepata adabu tu."

Alianza kucheka yeye, kimya kimya, mabega yakimtikisika, na ndipo sisi nasi tukaweza. Daktari alimwambia kwamba alikuwa ameitazama ile pumba yeye mwenyewe, na hakuona kitu, na kwamba kama ni kosa la macho basi ni la macho ya sisi sote. Kazi hakumruhusu kuacha. Alichotaka ni kwamba Mzee asitembee tena peke yake mpaka stejini, kwa sababu barabara ile ina malori. Mzee alifikiria. Alikubali, kwa sharti kwamba Juma aache ile mbinja.

"Hajui kupiga," akaeleza.

Kesho yake nilikuwa stejini mapema. Niliwaona wakija kutoka mbali, Mzee Langat na Mama Chebet wameshikana mikono, jambo ambalo watu wa rika lao hawafanyi hovyo barabarani. Walipofika nilimsalimia mama na kumshukuru kwa kukubali kumleta. Akaniambia si leo ameanza. Tangu macho ya mumewe yalipoharibika alikuwa akimfuata kila asubuhi, hatua kadhaa nyuma, viatu mkononi asimsikie, akasimama kwenye kona mpaka amwone amepanda gari ndipo arudi. Majirani walidhani wamegombana.

Mzee alikuwa hajalisikia hilo. Aligeuka upande ilikotoka sauti yake, akakaa hivyo, sanduku la mabuu kwapani, mpaka gari likasimama mbele yetu.

"Basi kuanzia sasa utatembea hapa ubavuni," akamwambia.

"Afadhali," Mama Chebet akasema. "Nilikuwa nimechoka kuutazama huo mgongo wako."